Maji ukiyavulia nguo, si lazima uyaoge

Miongoni mwa methali ambazo kila mtoto aliyepitia shule zetu amezikariri ni ile isemayo kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi mwenyewe nimeifundisha kwa miaka mingi, kwanza katika shule ya upili, kisha chuoni, na nimeisahihisha katika insha zisizo na idadi. Sikuwahi kuitilia shaka hata siku moja, hadi mwezi wa Januari 2024 niliposimama juu ya daraja la mawe huko kusini-magharibi mwa Uingereza. Nguo nilikuwa nimekwisha kuzivua, nimevaa za mpira mahali pake, na mto uliokuwa ukinisubiri chini ulikuwa ukinguruma.

Nilikuwa huko kwa likizo ya utafiti ya miezi mitatu. Miaka kadha kabla ya hapo, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu katika nchi iyo hiyo, marafiki walinishawishi nijifunze kuendesha kayaki, yaani kile chombo chembamba cha mtu mmoja ambacho mwendeshaji hukaa ndani yake, kiuno kimezibwa kwa sketi ya mpira ili maji yasiingie. Neno lenyewe asili yake ni Wainuiti wa nchi za Aktiki, waliounda vyombo hivyo kwa ngozi za sili na kuvitumia kuwindia. Vya siku hizi aghalabu ni vya plastiki, na wanaoviendesha mitoni hawawindi chochote ila furaha.

Yamkini msomaji ataguna hapa. Mtu mzima mwenye shahada tatu anaingia mtoni wakati wa baridi kali kutafuta nini? Mama yangu mzazi aliniuliza swali lilo hilo kwa simu, na sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilichoweza kumwambia ni kwamba mchezo huu si wa wageni peke yao. Kule Sagana, kwenye Mto Tana, vijana wetu huwashusha watalii katika maji ya kasi kwa mashua za mpira, na hiyo ndiyo kazi iwapayo riziki.

Kuhusu baridi yenyewe, lugha yetu iliniangusha kidogo. Wengi wetu huyatafsiri majira yale kwa neno kipupwe. Lakini kipupwe cha Pwani, kile cha Juni hadi Agosti, ni baridi ya kujifunika shuka tu. Katika jimbo la Devon mwezi wa Januari, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua mnamo saa kumi na nusu alasiri, na baina ya nyakati hizo halijionyeshi sana. Hata hivyo, huo ndio msimu wa wapiga kafi, kwa sababu ndio msimu wa maji. Mto wa Dart huanzia katika nyanda za juu za Dartmoor, mahali ambapo sehemu nyingine hupata takriban milimita 2000 za mvua kwa mwaka, yapata mara mbili ya mvua ya Nairobi. Juu ya mwamba wa itale pametanda udongo mweusi wa mimea iliyooza, ambao hufyonza maji kama sifongo. Sifongo hiyo ikishiba, kila tone liangukalo huteremka moja kwa moja mtoni. Ndiyo maana Dart hujaa kwa saa chache na kupungua kwa saa chache, na maji yake yana wekundu wa chai isiyotiwa maziwa. Wataalamu wa majina ya mahali husema jina lake ni la Kikelti cha kale, na kwamba maana yake ni mto wa mialoni. Miti hiyo ingalipo, imeinamia maji pande zote mbili.

Tulikuwa watu watano. Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja wa makamo, fundi wa mabomba kwa kazi, ambaye ameushuka mto ule kwa zaidi ya miaka 20. Alikuwapo kijana mmoja mwembamba, hodari kutushinda sote, na mwalimu wa shule ya msingi apendaye kuimba. Wa nne alikuwa rafiki yangu wa siku nyingi, mzaliwa wa Lamu, ambaye ni muuguzi huko. Huyu ndiye aliyenikosoa kabla hata hatujayagusa maji, nilipomwomba anipe kasia langu.

"Hili si kasia, mwalimu," alisema. "Kasia hufungwa chomboni. Hili la kushika mikononi ni kafi. Wewe ndiwe daktari wa lugha, au ni mimi?"

Asubuhi tulianza na sehemu ya chini ya mto, iliyo nyepesi, inayoteremka hadi karibu na mji wa Buckfastleigh. Hapo ndipo nilipokumbushwa elimu ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau. Wenzangu hawasemi kwamba wanaushuka mto. Husema kwanza wanausoma. Na kwa hakika ni kusoma, kwa maana mto uliojaa una ishara zake, na kila ishara ina maana yake. Maji yakigawanyika kati ya mawe mawili na kuchora herufi V ambayo ncha yake inaelekea chini mtoni, hiyo ndiyo njia. Herufi iyo hiyo ikipinduka, ncha ikaelekea juu ulikotoka, basi hapo pana jiwe limejificha chini ya maji. Nyuma ya kila jiwe kubwa pana maji yaliyotulia, ambamo mtu anaweza kuingia akapumzika na kutazama mbele. Penye ukuta wa chini uliojengwa kukinga mto, maji humwagika kwa ulaini unaopendeza macho, lakini chini yake hujigeuza na kurudi nyuma, yakakigeuza na kukigeuza tena kila kiangukacho humo. Na penye mti ulioangukia mtoni hapakaribiwi kabisa. Rafiki yangu wa Lamu alinieleza sababu kwa mfano ambao sitausahau: maji hupita katikati ya matawi kama tui katika kifumbu, na binadamu hubaki humo kama machicha.

Tulipofika mahali ambapo mto unapinda, niliisoma ishara moja kwa kuchelewa. Chombo kilipanda jiwe, kikalala ubavu, na kabla sijasema neno nilikuwa kichwa chini miguu juu. Zipo mbinu za kujiinua bila kutoka chomboni, nami nilizijua zamani katika bwawa la kuogelea lenye maji ya vuguvugu. Katika maji ya nyuzi chache tu juu ya barafu, ujuzi wangu wote uliniaga. Nilivuta utepe wa sketi, nikatoka, nikaibuka.

Jambo la kwanza ambalo maji baridi humfanyia mtu si kumgandisha bali ni kumnyang'anya pumzi. Kifua hujivuta chenyewe, ukavuta hewa kwa kwikwi bila kutaka, na ikiwa wakati huo mdomo uko chini ya maji, habari imekwisha. Hali hiyo hutulia baada ya dakika moja au mbili, kwa yule aliyevaa jaketi la kumweleza na asiyepapatika. Nililala chali, miguu ikitangulia, kama nilivyofunzwa. Sikujaribu kusimama, ingawa kila kiungo cha mwili kilinisihi nisimame, kwa maana mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo humlaza mtu kifudifudi na kumshikilia hapo, hata kama maji hayapiti kiuno. Nikasikia sauti ya yule mama ikiniita kwa jina, kisha kamba ikanidondokea kifuani. Waliniopoa kama samaki.

Walicheka? La. Yule mwalimu alinivua kofia ngumu, akanivika ya sufu. Rafiki yangu akanimiminia chai ya tangawizi kutoka katika chupa yake. Kiongozi wetu aliniuliza maswali mawili matatu ya kawaida, nadhani ili asikie kama ulimi wangu ungali unatamka sawasawa. Kisha tukamaliza safari.

Wakati huo wote mvua ilikuwa ikinyesha milimani. Adhuhuri tulipanda gari hadi Newbridge, daraja jembamba la itale lililojengwa katika karne ya 15. Hapo ndipo huanzia sehemu ya mto ambayo wapiga kafi huienzi sana, yenye maporomoko waliyoyapa majina ya kimzaha, mojawapo likiwa limeitwa kwa jina la mashine ya kufulia nguo. Hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha ya siku nzima. Kwa ajili yake tulikuwa tumeamka kabla ya alfajiri, tukaendesha gari gizani kwa saa tatu, na gari la pili tulikuwa tumekwisha kuliacha chini, tutakapotokea.

Tulisimama darajani tukiwa tumevaa kila kitu, tukatazama. Kando ya mto pana miamba ambayo wenyeji huitumia kama kipimo. Haikuonekana. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye mizizi ya mialoni, na sauti yake haikuwa tena ile ya asubuhi ya maji yanayocheza na mawe. Ilikuwa sauti moja nzito, isiyokatika. Tukiwa tumeduwaa hivyo, gogo zima la mti likapita chini ya daraja kwa kasi ya baiskeli iteremkayo mlima.

Hakuna aliyesema neno. Nami, ili nivunje kimya kile, nikamwambia rafiki yangu kwa Kiswahili, "Basi tena. Maji tumekwisha kuyavulia nguo."

Hakutabasamu. "Methali hiyo ilitungiwa maji ya kuoga, mwalimu," alinijibu. "Haya si ya kuoga."

Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba wakati ninaitamka methali ile nilikuwa nimejaa hofu. Jibu langu nilikuwa nalo tangu nilipoliona lile gogo. Lakini neno lilinikwama kooni. Ni mimi niliyeanguka asubuhi. Ni mimi mgeni. Nilihisi kwamba nikikataa, nitawaharibia siku wenzangu wanne kwa sababu ya udhaifu wa mmoja, nami nilikuwa tayari, Mungu anisamehe, kuhatarisha maisha yangu na yao ili nisionekane mwoga.

Wenzangu wana desturi moja. Kabla ya kushuka penye hatari, kiongozi humwuliza kila mmoja kwa jina lake, naye hujibu kwa kinywa chake. Anayesema hashuki haulizwi sababu, hashawishiwi, wala hataniwi, si siku hiyo wala baadaye. Yule mama akaanza na kijana hodari. Kijana akatazama maji kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekataa kuongezewa chai, kwamba yeye leo hashuki.

Ilikuwa kama kwamba sote tumefunguliwa kamba shingoni. Mwalimu akasema hata yeye. Rafiki yangu akasema hata yeye. Ilipofika zamu yangu nilisema kwa haraka iliyonitia haya. Tulivua nguo za mpira, tukamaliza chai, tukakaa kando ya daraja tukiutazama mto hadi giza lilipoingia. Ilikuwa siku nzuri. Hakuna aliyesema tumeipoteza.

Baadaye nilijiuliza kwa nini ilimpasa aliye hodari ndiye aseme. Jibu ni kwamba yeye pekee ndiye aliyeusoma mto hadi ukurasa wa mwisho. Asiyejua hudhani maji ni maji. Anayejua anafahamu kwamba mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na kwamba mkondo ukiongeza kasi maradufu, nguvu yake ya kukusukuma huwa mara nne. Anafahamu kwamba sentimita 30 za maji yaendayo kasi zaweza kulielesha gari dogo, na 60 zaweza kuyachukua magari mengi, hata yale makubwa tunayoyaamini.

Ninayaandika haya katika gazeti la Kenya kwa sababu sisi nasi tuna mito inayojaa kwa saa chache, na hatuiingii kwa mchezo. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakielekea arusini lilisombwa na Mto Enziu huko Mwingi, likijaribu kuvuka mahali ambapo mto ulikuwa umepita juu ya barabara. Watu zaidi ya 30 walifariki dunia. Watazamaji walikuwa wamejaa ukingoni. Miezi michache baada ya siku yangu ya Dart, mvua za masika za 2024 zilizoa maisha ya takriban watu 300 nchini mwetu, na mwishoni mwa Aprili mashua iliyokuwa ikivusha wasafiri penye mafuriko karibu na Garissa ilizama.

Sisemi kwamba waliokufa walikosa akili. Anayecheza akirudi nyuma hupoteza mchezo tu, naye ana gari lenye joto na chupa ya chai. Dereva wa matatu akirudi nyuma hupoteza hesabu ya mwenye gari. Mama akirudi nyuma, mtoto wake hulala ng'ambo peke yake. Kwetu kurudi kuna gharama, na kwa sababu hiyo hasa tunahitaji msaada wa kurudi. Msaada wa kwanza ni mdogo: katika kila kivuko ambacho mto hupita juu ya barabara, isimamishwe nguzo iliyopakwa rangi, ili hata asiyeweza kuyasoma maji aweze kuisoma rangi. Wa pili hauhitaji hata shilingi moja. Ni ile desturi ya darajani, kwamba abiria mmoja akisema havuki, asidhihakiwe.

Nilipata kuijua thamani yake mwezi wa Mei mwaka huo huo, nikiwa katika matatu huko Ukambani. Tulikuta mto wa msimu umefurika juu ya barabara. Utingo alikunja suruali, akaingia hatua tatu, maji yakamfika magotini, akarudi akitangaza kwamba panapitika. Mimi nilikuwa nikitazama katikati. Hapo palikuwa na ile herufi V iliyopinduka, ncha ikielekea juu. Kitu kilikuwa chini ya maji, jiwe au ukingo wa lami uliomeguka, sikujua. Bwana mmoja nyuma yangu akasema, kwa Kiswahili ambacho kingempa alama zote katika mtihani wangu, "Dereva, maji tumekwisha kuyavulia nguo. Tuyaoge."

Nikasema ninashuka.

"Mwalimu umevaa tai na unaogopa maji?" utingo akauliza, na gari zima likaangua kicheko. Nyanya mmoja aliyekuwa na kikapu akainuka. "Hata mimi nishushe, mwanangu." Akafuata msichana wa shule. Tulishuka watatu. Matatu iliingia majini, ikayumba mara moja pale pale penye ile herufi, ikavuka. Ilipofika ng'ambo walitupungia mikono wakicheka. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, nami usiku ule, katika baraza ya duka, nikila muhogo wa nyanya yule, nilikipokea kicheko changu chote. Asubuhi mto ulikuwa umeshuka, tukavuka kwa miguu.

Methali yetu haina dosari. Inamfaa mkulima aliyeanza palizi na mwanafunzi aliyeanza tasnifu. Lakini kila usemi una muktadha wake, na methali iliyotolewa mahali pake ikapelekwa ukingoni mwa mto uliofurika hugeuka kuwa kitu kingine. Muhula uliofuata niliwapa wanafunzi wangu methali iyo hiyo, ila sikuwauliza maana yake. Niliwataka waeleze ni wapi haifai kutumiwa. Wengi walijaza kurasa mbili. Mwanafunzi mmoja kutoka Mwingi aliandika jina la mto na tarehe, basi. Nilimpa alama zote.